Basi la saa nane usiku: nini kimebadilika kwa mwanamke anayesafiri kutoka Masuguru

Hivi karibuni mama mmoja msikilizaji wetu alitupigia simu studio kwa uchungu. Alikuwa amekata tiketi ya kwenda Dar es Salaam kumpeleka mwanawe kliniki. Tiketi iliandikwa tarehe 14, saa 02:00. Akafunga mizigo yake, akaaga majirani, na usiku wa tarehe 14, saa mbili kamili, akawa yuko barabarani na mtoto mgongoni. Alisubiri mpaka saa tano.

Basi lake lilikuwa limepita zamani. Lilipita saa nane za usiku wa kuamkia tarehe 14, wakati yeye amelala nyumbani. Alikuwa amechelewa kwa saa 18. Nauli ikapotea, na siku ya kliniki ikapotea nayo.

Baadhi ya wasikilizaji walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kosa hilo si la ujinga. Ni kosa la mtu aliyezoea mabasi ya mchana, ambaye ghafla amepewa basi la usiku bila kuelezwa linavyokwenda. Leo tunaeleza nini kimebadilika kwenye usafiri wa barabara yetu, na kwa nini mabadiliko hayo yanamgusa mwanamke kwa namna yake.

Zuio la miaka mingi lilivyoondoka

Kwa karibu miaka 30 mabasi ya mikoani hapa Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Zuio liliwekwa miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali na ujambazi wa barabarani. Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mabasi yaruhusiwe tena, na kuanzia Oktoba 1, 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ikaanza kuruhusu safari za saa 24.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Arusha, jambo hilo ni jepesi. Anapandia stendi jioni penye taa, anashukia stendi asubuhi. Lakini sisi hatuko mwanzo wa njia wala mwisho wake. Tuko katikati. Barabara inayotoka Chalinze hupita Mkata, Kabuku na Michungwani, ikifika Segera inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Muheza na Tanga, mwingine Korogwe, Mombo, Same, Moshi na Arusha. Basi linaloondoka Arusha jioni hupita kwetu usiku wa manane. Basi linaloondoka Dar es Salaam jioni nalo hivyo hivyo. Saa inayomfaa abiria wa kule mwisho ndiyo saa mbaya kuliko zote kwetu sisi wa katikati.

Wapo wanaosema bora zuio lingebaki. Siwaungi mkono. Zuio halikuwazuia watu kusafiri usiku, liliwahamishia kwenye magari ya kukodi. Usiku wa Februari 3, 2023, miezi kadhaa kabla ya ruhusa, Coaster iliyobeba wafiwa na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iligongana na lori eneo la Magila Gereza, wilayani Korogwe. Watu zaidi ya 15 walikufa. Wengi wetu tunaukumbuka usiku ule. Basi lenye leseni, lenye kifaa cha kufuatilia mwendo na lenye ratiba inayojulikana lina afadhali kuliko gari la kukodi ambalo dereva wake ameamka tangu alfajiri.

Kwa hiyo swali si kama mwanamke asafiri usiku au asisafiri. Atasafiri, kwa sababu kliniki ina tarehe yake, msiba haumsubiri mtu, na biashara ina siku zake. Swali ni wapi safari yake huharibika. Kwa simu tunazopokea, jibu langu ni hili: mara nyingi haiharibikii katikati ya barabara kuu. Huharibikia kwenye vipande viwili vifupi, kile cha nyumbani hadi barabarani, na kile cha stendi hadi unakokwenda.

Kwanza, soma saa ya tiketi

Kwetu siku mpya huanza jua linapozama, na saa tunahesabu tangu kuchomoza kwa jua. Tiketi nyingi za kompyuta huhesabu tangu saa sita usiku. Hapo ndipo mama yetu alipopotelea.

Chukua kalamu uandike. Tiketi ikisema 00:30, ni saa sita na nusu usiku. 02:00 ni saa nane usiku. 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. 14:00 ni saa nane mchana. 20:00 ni saa mbili usiku.

Sasa tarehe. Kama tiketi ni ya tarehe 14 na saa iko kati ya 00:00 na 05:00, basi unatakiwa kutoka nyumbani tarehe 13 baada ya chakula cha usiku. Unapokata tiketi mwulize wakala maneno haya haya: "Ni usiku wa kuamkia tarehe ngapi?" Asipokujibu vizuri, usitoe hela.

Na tiketi yenyewe iwe na jina lako, namba ya gari na namba ya siti. Ukipandia njiani bado una haki ya kupewa tiketi. Konda akisema "lipa tu, tutaandika mbele", ujue kwamba gari likipata tatizo huna ushahidi kwamba ulikuwamo. Ukiona umeonewa, LATRA ina simu za bure, 0800110019 na 0800110020. Mtu mwenye kitochi bila vocha anaweza kupiga.

Kuhusu nauli, viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa basi la kawaida, na shilingi 67.84 kwa basi la daraja la kati. Kwa safari ya kilomita 300, ambayo ni kadiri ya Korogwe na Dar es Salaam, basi la kawaida lilikuwa 14,541 na la daraja la kati 20,352. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo uliza kabla ya safari. Lakini ukijua hesabu hiyo, mpigadebe hakutajii bei kutoka kichwani mwake.

Kipande cha kwanza: nyumbani hadi barabarani

Basi kubwa linakaguliwa, lina leseni na lina ratiba. Bodaboda ya saa saba usiku mara nyingi haina hata kimoja katika hivyo, na ndiyo inayomtoa mwanamke kijijini. Hapa hakuna mamlaka itakayokuja kukusaidia kabla hatujasaidiana wenyewe.

Mambo wanayofanya wanawake waliozoea safari ni haya. Hawamwiti dereva wasiyemjua. Wanaye mmoja au wawili wa kijiji, ambao mwenyekiti wa kitongoji anawajua na nyumba zao zinajulikana. Wanapatana naye mchana, bei ikiwa wazi, siyo usiku basi likiwa limekaribia. Na mtu mmoja nyumbani anabaki macho mpaka apate ujumbe: "Nimeshapanda, gari namba fulani."

Bora zaidi, usisubirie porini. Hata kama basi linaweza kusimama karibu na njia yako, nenda Segera au Korogwe mjini penye taa, watu na maduka. Kama una ndugu pale, lala kwake ukaamkie basi. Gharama ya bodaboda ya jioni na chai ya shangazi ni ndogo kuliko ya kusimama peke yako gizani na mzigo wa biashara.

Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, nawapa wazo. Ninyi mnajuana, na mnajua nani anakwenda mjini lini. Kwa nini wawili wanaokwenda Kariakoo wiki moja wasipange siku moja?

Ndani ya gari

Nilipokuwa na miaka 22, wakati wa zuio, nilikuwa narudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, nikisomea cheti cha utangazaji. Basi likaharibika kabla ya Mto Wami. Lilipotengenezwa muda ulikuwa umepita, tukazuiwa kuendelea mpaka alfajiri. Tukalala ndani ya gari. Konda alizima taa akaondoka. Mwanamume wa siti ya jirani, ambaye mchana kutwa alikuwa mwungwana, akaanza kunisogelea kila anapojifanya amesinzia. Niliona aibu kusema. Nikajibana dirishani.

Mama mmoja mtu mzima nyuma yangu akasema kwa sauti, gari zima likasikia: "Binti, njoo ukae huku kwangu. Na nyinyi wengine mlio peke yenu, njooni huku nyuma, tukae pamoja." Tukahama wanne. Hakutukana mtu, hakugombana na mtu. Yule bwana alilala usingizi wa kweli mpaka asubuhi.

Nimejifunza mawili pale. La kwanza, unapokata tiketi waweza kuomba siti ya jirani na mwanamke mwenzako. Mawakala wengi hukubali ukiomba mapema. La pili, sauti. Anayekushika bila ridhaa yako anategemea aibu yako. Hilo ni kosa la jinai hapa Tanzania, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza ukali wa adhabu zake. Unaweza kumtaka dereva asimame kwenye kituo cha polisi au penye kizuizi cha trafiki. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Wenzetu wa Nairobi walifika mbali zaidi. Novemba 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani kwenye vituo vya magari, mamia waliandamana mjini, na mwaka huo huo sheria ya Kenya ikataja kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa. Hayo yalianza na watu kukataa kunyamaza.

Jambo la mwisho ndani ya gari ni kuchimba dawa. Wanaume hushuka popote. Mwanamke usiku vichakani ni hatari: nyoka, magari yanayopita, na watu. Ni haki yako kumwambia konda asimame penye choo, kwenye kituo cha mafuta au hoteli ya njiani. Mkisema wanawake watatu kwa pamoja, atasimama. Na usishuke bila simu yako, wala usishuke peke yako.

Kipande cha mwisho: stendi zimehama mjini

Wengi wanaosafiri baada ya miaka mingi bado wana Ubungo kichwani. Stendi ya mikoani ya Dar es Salaam sasa ni Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyozinduliwa Februari 2021. Kutoka pale hadi Posta ni takribani kilomita 20. Tanga nako mabasi hushusha Kange, si katikati ya mji. Miji imesukuma stendi nje ili kupunguza foleni, na nia hiyo ni njema. Lakini gharama imehamia kwa abiria, na anayeilipa zaidi ni mwenye mtoto mgongoni, gunia mkononi na mgonjwa pembeni.

Basi la usiku linaweza kukufikisha Mbezi saa kumi alfajiri. Usitoke nje ya stendi. Kaa ndani penye taa na familia nyingine, ununue chai, usubiri kupambazuke. Wanaokuja kukupokea begi wakisema "dada, taksi, karibu" si ndugu zako. Mzigo wako usibebwe na mtu kabla hamjapatana bei. Kama kuna mwenyeji wa kukupokea, mpigie yeye kwa namba unayoijua. Ukipokea ujumbe wa namba ngeni ukisema "nimebadilisha simu, nitumie nauli ya bajaji kwa namba hii", huyo ni tapeli. Ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwenda 15040 ili namba ishughulikiwe.

Andika pia namba tatu muhimu kwenye karatasi, uifunge kwenye pindo la kanga. Simu ikizima chaji au ikiibwa, hakuna anayekumbuka namba ya mwenyeji wake kwa kichwa.

Majina mawili yanayopoteza watu

Jina la kwanza ni Mbezi. Ziko mbili. Mbezi Luis ipo Barabara ya Morogoro, ndipo penye stendi. Mbezi Beach ipo upande wa Barabara ya Bagamoyo, ni mbali na stendi. Mwenyeji akikwambia "nakaa Mbezi", mwulize ni ipi kabla hujapanda daladala.

Jina la pili ni Muhimbili, na hili linaumiza zaidi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo Upanga, katikati ya jiji. Muhimbili Mloganzila ipo upande wa Kibamba, nje ya jiji, na ukitokea Chalinze unaipita kabla ya kufika Mbezi. Nimesikia wasikilizaji wawili waliofika Upanga na mgonjwa, wakaambiwa miadi yao ni Mloganzila. Soma karatasi ya rufaa vizuri, au mwombe mganga wa zahanati akusomee: ni Upanga au Mloganzila? Kwa wanaopelekwa matibabu ya saratani, zikiwemo za matiti na mlango wa kizazi, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni, mwisho kabisa wa mji. Na kabla ya yote uliza kama huduma hiyo haipatikani Bombo, hospitali ya mkoa wetu pale Tanga. Safari salama kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika.

Mji si wa kuogopa tu

Nisikutishe mno. Mwanamke wa kijijini kwenda mjini si jambo la jana. Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua, huku kwetu. Alikuwa akitembeza vyungu kwa kuuza. Akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akafika Bombay, India, kurekodi nyimbo zake. Mji ulimpa alichokosa kijijini.

Nawe ukiwa na nusu siku baada ya shughuli zako, itumie. Ukimsindikiza mgonjwa Ocean Road na ukaambiwa usubiri hadi mchana, Makumbusho ya Taifa hayako mbali, Mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959 na mwanamke, Mary Leakey. Ukipenda bahari, panda pantoni ya Kigamboni uende na kurudi mchana, upigwe na upepo kwa nauli ndogo. Kariakoo nenda asubuhi, hela ukiwa umezigawa sehemu mbili, na ununue vitenge ukiwa na mwenzako wa kushika mzigo.

Kwa wanaoanza, nawashauri waanzie Tanga. Ni karibu, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo mchana, na mitaa ya Ngamiani imepewa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Mgeni akijua kuhesabu hapotei.

Safari ambayo si yako

Kuna safari moja sitaisifu. Ni ile ya binti anayefuatwa na mgeni mwenye maneno mazuri, "kuna kazi ya ndani Dar, mshahara mzuri, nauli nalipa mimi." Basi la usiku limemrahisishia mtu huyo kazi, maana anaweza kuondoka na binti kijiji kizima kimelala.

Mzazi, kabla ya kukubali, zungumza kwa simu na mwajiri mwenyewe. Chukua jina lake, mtaa wake na jina la mwenyekiti wake wa mtaa, umpigie huyo naye. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji chako, asafirishwe mchana, na awe na simu yake mwenyewe. Anayetaka iwe siri ana sababu yake. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na kwa mtoto aliye hatarini kuna simu ya bure, 116.

Nani afanye nini

Ruhusa ya saa 24 ilitolewa kwa ajili ya uchumi, na uchumi wa Handeni na Korogwe unabebwa na wanawake wanaopeleka machungwa na mahindi na kurudi na vitenge na sabuni. Kwa hiyo kuna madai ya haki. Halmashauri ziweke taa na vyoo pale abiria wanaposubiria basi usiku. LATRA izibane kampuni ziandike saa ya tiketi kwa namna abiria anavyoisoma, pamoja na maneno "usiku wa kuamkia". Serikali za vijiji ziwe na orodha ya madereva bodaboda wa usiku. Hakuna hata moja hapo linalohitaji bajeti kama ya reli.

Yule mama wa tarehe 14 alipata miadi mingine. Safari hii alikuja Korogwe jioni ya tarehe iliyotangulia, akalala kwa shangazi yake, akapanda basi usiku akiwa na mwenzake. Asubuhi alitutumia ujumbe mfupi: "Nimefika Mloganzila. Mtoto ameshaonwa na daktari."